Kutoka Chini ya Gari

Miaka kumi na tisa Unga Limited
nimekwangua matope ya Tarangire kwenye springi zao,
yamenidondokea machoni, yameingia mdomoni,
na mbuga yenyewe sijaiona.
Tembo niliyemfahamu alikuwa wa kwenye kikombe.

Alhamisi Nanyaro akapiga simu:
jani kuu limekatika, njoo na yubolti nne,
wageni wameanikwa juani kama dagaa.
Lori la vitunguu likanifikisha Kwa Kuchinja,
gari la askari wa lango likanimalizia.

Nikatandika gunia, nikaingia chini.
Fundi hana mandhari. Fundi ana difu,
ana grisi iliyoshikana na vumbi,
ana nati iliyogoma tangu masika ya mwaka juzi.

Nilikuwa nimefungua ya tatu
Nanyaro aliponong'ona kama mtu aliyechelewa ibadani:
"Chuwa, usitoke. Na hiyo spana, ishike tu."

Sikusikia kitu.
Hapo ndipo Ndeshi alipokataa kuniamini:
kitu kizito kuliko lori la saruji
kilikuja mpaka ubavuni mwangu
na sikusikia kitu.
Mguu ulitua kando ya tairi la nyuma
taratibu, kama unamlaza mtoto aliyekwisha sinzia,
ukatanuka ulipopokea uzito,
ukanywea ulipoinuka.
Kucha nilizihesabu kama nati:
mbele nne, nyuma tatu.
Ngozi imepasukapasuka, tairi lililosahaulika juani,
ila hili halikutoka kiwandani.

Ukaja mwingine. Na mwingine.
Mwanga wa mchana ukawa vipande vipande.

Juu yangu wageni walipanda viti wapate kuona,
gari likanesa, jeki ikalia nyiii.
Nikawaza: leo sitauawa na tembo,
nitauawa na yule mzee wa kofia ya buluu.

Kisha chesisi ikaanza kutetema.
Nikadhani Nanyaro kawasha injini,
nikamtukana kimoyomoyo, yeye na ukoo wake.
Halafu nikakumbuka:
ufunguo uko mfukoni mwangu.
Walikuwa wanaongea.
Wanaongea chini ya sauti, chini kabisa,
pale ambapo sikio halifiki,
na kile chuma kilichonilalia
kilinipa habari kifuani.
Sikuelewa neno. Lakini nimesikiliza injini maisha yangu yote,
najua kitu kinapozunguka bila hitilafu.

Mtoto wao mmoja akapiga magoti,
akachungulia.
Kope ndefu, zimejaa vumbi.
Mkonga wake bado haujaijua kazi,
ukapapasa gunia, ukaonja jeki, ukaisusa,
ukafika kwenye kiganja changu cheusi kwa grisi
na kupumua humo:
joto, majimaji, harufu ya majani mabichi.
Spana ilikuwa mkono wa pili. Niliishika tu.

Mguu mkubwa ukamsogeza kando, bila hasira,
jinsi Ndeshi anavyowaondoa wanetu
mlangoni wakubwa wanapozungumza.

Nyasi walizozikanyaga zikaanza kuinuka,
moja, kisha mbili pamoja, kisha moja.
Nikafungua nati ya nne.

Nilipotoka, yule mzee alinionyesha picha zake,
mikono inamtetemeka kwa furaha.
Nikatazama kwa adabu: masikio, pembe, paji la uso.
Sikumtambua hata mmoja.

"Umewaona?" Ndeshi aliuliza usiku, akipakua makande.
"Nimeona miguu."
Alicheka mpaka akaweka upawa chini.
"Safari yote ile, grisi yote hiyo,
ukaone miguu!"
Wanetu nao wakacheka, na mimi nikacheka.
Kiganja cha kulia nilichelewa kukinawa.

Ijumaa, gereji. Nimelala chini ya Kosta ya watu,
nikaona ndala za kijana wangu wa spana,
buti za dereva, viatu virefu vya mwenye gari
aliyekuja kubishana bei,
vinapita, vinarudi, vinasimama karibu na kichwa changu,
na vyote, jamani,
vyote vina kelele.