Machicha ya Petroli

Mifuko miwili mezani, saa moja asubuhi,
lebo za karani wa Kilindini zimelowa jasho la dereva.
Mmoja makaa ya mawe, kutoka kusini.
Wa pili koki: kilichobaki chini ya sufuria
baada ya petroli kutoka, dizeli kutoka,
mafuta ya taa kutoka, hata lami ikakamuliwa.
Machicha.

Mama alikuwa na kibanda cha makaa Kongowea.
Aligonga kipande kwa kipande, akasikiliza.
Yaliayo kama kigae, mti mgumu;
yanyamazayo ni mwembe, mrudishie mwenyewe.
Mimi nina mashine ya kuniambia.
Makaa: kalori elfu sita kwa kilo,
majivu kumi na tano kwa mia.
Koki: elfu nane na ushei,
majivu hayajazi ukucha.
Salfa ya makaa haifiki moja.
Salfa ya koki, sita nukta mbili.
Nikarudia kipimo.
Sita nukta mbili.

Bwana Mghanga wa ununuzi kapiga simu kabla ya chai.
Huhesabu moto kwa shilingi, na hesabu yake ni sahihi,
hilo nisimdhulumu:
"Umazi, anayenunua makaa ananunua na majivu,
tena anayalipia nauli ya meli."

Kweli. Lakini majivu yale hayapotei.
Huingia kwenye klinka, yakawa jiwe pamoja na mawe,
yakapigwa plasta Mtwapa, yakajengea choo Mikindani.
Huenda ukuta wangu wa Mshomoroni
una kijiko cha mgodi nisioujua jina.

Nilishuka tanurini kumwuliza Chivatsi,
miaka kumi na tisa akiutazama moto kupitia kioo cha buluu.
"Koki? Kusagwa haitaki. Kuwaka haitaki, mpaka uibembeleze.
Ikishawaka, ndipo."
Akanyoosha kidole juu, ghorofa ya nne.
Mwaka ule salfa ilijenga utando kooni mwa saikloni,
mnene kama mzinga wa nyuki.
Wakapanda na mitaimbo kuuvunja.
Unga wa moto ukashuka kama maziwa yaliyofoka
na Mwachiro alikuwa amesimama mlango usio wake.
Hakumaliza. Akapangusa kioo
kilichokuwa safi.

"Na makaa?"
"Makaa hujiwasha yenyewe uani yakikaa.
Machi nzima tulilala na mipira ya maji.
Usitafute mtakatifu hapa, Umazi."

Shimanzi hawaulizi ni ipi.
Meli ikipakua, Bi Mesaidi huanua shuka mbichi,
hupitisha kidole dirishani, kikatoka cheusi.
Kidole hakisomi lebo.

Fomu ina mstari mmoja: Pendekezo.
Niliandika makaa;
au koki isizidi theluthi, na saikloni zikaguliwe kila zamu.
Mghanga akasoma, akakohoa kidogo.
"Koki imeshafunga gati tangu jana. Tani elfu thelathini.
Tulitaka sahihi tu."

Niliitia.
Sita nukta mbili nikaipitisha kalamu mara ya pili,
mpaka karatasi ikaota mgongo upande wa nyuma.

Jioni nilimpelekea Mama kipande, ndani ya leso.
Masikio yake siku hizi yanachagua,
lakini alikigonga kwenye ukingo wa kikombe,
akakiinua karibu na shavu.
"Kinalia vizuri."
"Hakina majivu, Mama."
Alikigeuza, akakigeuza tena,
kama noti anayoishuku.
"Kila kinachoungua huacha kitu.
Hiki huacha wapi?"

Nilitoka nje, nikampigia Chivatsi.
Nikamwambia waagize mitaimbo mirefu zaidi.