Kiti cha Wateja

Miaka ishirini na sita nimesimama
nyuma ya kiti kimoja hapa Gungu,
nikikizunguka kama mbuzi na kigingi chake.
Vichwa navijua: chenye kovu la jembe,
chenye kisogo cha ubishi,
cha mwalimu Ntahondi kinachosinzia kabla sijawasha mashine.
Miguu sikuijua.
Nani huutazama mguu wake
ungali unamfikisha?

Ulianza uzi wa buluu nyuma ya goti.
Uzi ukawa kamba,
kamba ikawa mizizi ya mchikichi
iliyofumuliwa na mvua.
Jirani akasema, umekanyaga kitu njiani.
Shemeji akasema, chua kwa mawese ya moto.
Nikachua. Nzi walinipenda;
mshipa haukusikia.

Daktari alinichora kwa kalamu ya wino
kuanzia kinena hadi kifundo,
nikajiona reli, stesheni zote zimefungwa.
"Damu inapanda, halafu inateremka tena.
Milango ya ndani imelegea bawaba."
Seremala angenieleza hivyo hivyo
kwa bei ya chini.

Sindano ya mgongo, na nusu yangu ikaenda zake.
Walipouvuta ule mshipa sikuumia,
nilisikia kuvutwa tu,
kama mtu anatoa uzi kwenye pindo la suruali
na suruali ni mimi.

Maumivu hayakuja hospitali.
Yalinisubiri nyumbani,
yamelala upande wangu wa kitanda.

Paja likawa zambarau,
kisha kijani cha maji ya bwawa,
kisha manjano ya embe lililosahauliwa kapuni.
Ndani yake ugumu, kama kamba ya kuanikia nguo:
nikinyoosha goti, inakaza;
nikikunja, inanung'unika.
Usiku filimbi ya treni ikipanda kutoka stesheni
niliihesabu pamoja na mapigo ya mguu,
na mguu ulikuwa na abiria wengi zaidi.

Na ile soksi!
Zilpa na mimi hatujawahi kushikana mieleka
kwa miaka kumi na tisa ya ndoa.
Sasa kila alfajiri, kabla sijakanyaga chini,
yeye anavuta, mimi nauma mto,
yeye anacheka, mimi natukana kwa Kiha
ili watoto wadhani ni sala.

"Tembea," alisema nesi. "Lala, inua mguu.
Ila kusimama tu, hapana."
Nikamwambia, mama, mimi nalipwa kusimama.
Hakucheka. Aliandika.

Basi nikatembea.
Siku ya kwanza hadi chooni na kurudi.
Siku ya nne hadi nguzo ya umeme,
ambapo muuza dagaa aliniuliza
kama nimemeza fimbo.
Wiki ya tatu niliuona ule mteremko wa ziwa,
nikakaa kwenye jiwe, nikalia kidogo,
si kwa maumivu. Sijui kwa nini.
Kuna mahali juu ya kifundo, upana wa sarafu,
hapasikii maji wala kidole.
Daktari anasema huenda patazinduka, huenda hapatazinduka.
Nimepaachia.

Leo nimefika saluni.
Bukuru amefuta kiti kwa taulo,
amenionesha kwa mkono, kama mteja mgeni.
Nimeketi. Mguu juu ya kreti la soda.
Miaka ishirini na sita, sikuwahi kujua
kwamba kioo kina ufa huku pembeni,
kwamba kalenda husomeka kinyumenyume,
kwamba kinyozi anapumua puani kwa mteja.

Mkono wake mwepesi. Nimemfundisha vizuri.
Lakini kiooni naona kitu kingine:
anaegemea mguu wa kulia,
anahamia wa kushoto,
anarudi wa kulia,
na ana miaka ishirini na miwili.

"Bukuru," nasema, "zima mashine."
Anashtuka, anadhani amenikata.
"Nenda kwa fundi Kagoma pale kona.
Mwambie nataka stuli. Ndefu.
Ya kukaa wewe."