Kifaa Hakijulikani

Mizani ilifika na treni ya Jumanne
ndani ya gunia la tumbaku, haina kitabu,
haina hata jina; chapa imekwanguliwa.
Meneja wa ushirika akasema, Kalunde, si wewe uliyesoma?
Nikachomeka waya. Kompyuta ikaandika
*kifaa hakijulikani*,
kama karani wa dirishani anayekutazama usoni
na bado anakuuliza: wa wapi wewe?

Asali ilikuwa inasubiri kwenye ndoo,
asali ya miombo, nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni,
na Shija anaipima kwa ile mizani ya mawe
ambayo kila mfuga nyuki anajua inaiba nusu kilo
ila hajui inamwibia nani.

Usiku niliifungua. Skrubu sita.
Chini ya vumbi na bawa la nyuki mmoja
palikuwa na kidude cheusi, sawa na ukucha,
na tarakimu mgongoni.
Nikazisoma kwa tochi ya simu, nikazinakili kiganjani,
nikaingia kwenye msimbo, ule ulio wazi kwa yeyote,
mistari milioni ya watu nisiowajua,
hadi kwenye orodha ya vifaa vinavyotambulika.
Ndugu wa mizani yangu yumo.
Wametofautiana tarakimu moja tu.

Mama alishona viraka vya magunia Kanyenye.
Kiraka kizuri, alisema, hukioni
mpaka gunia lipasuke pembeni yake.
Changu kilikuwa mstari mmoja.
Mmoja! Niliuandika na kuufuta hadi majogoo,
nikautuma nimefumba macho.

Aliyejibu anaitwa Priit.
Hakuuliza habari za huku wala nimeamkaje.
Mwishoni mwa mstari kuna nafasi tupu.
Maelezo yasizidi herufi sabini na mbili kwa mstari.
Sema kwa nini, nini nimeshaiona.
Umeijaribu?
Tia jina kamili, lile la kweli.

Nilinuna siku mbili.
Siku ya tatu nikamkumbuka mwalimu Mihayo, pale Isevya,
akigonga dawati kwa rula: nane na nane, nane na nane,
ubeti wenye mizani tisa ni mbuzi wa miguu mitano!
Basi nikahesabu kwa vidole,
naitilia mizani barua ya mizani.

Toleo la pili likarudi:
umeweka nafasi nane panapotakiwa kichupo kimoja.
Nane. Nikacheka peke yangu ofisini,
Shija akachungulia kuona kama ni mzima.

Toleo la tatu, umeme ukakatika Cheyo nzima
kidole kikiwa juu ya kitufe.
Nikakaa gizani na ile *kwa nini*.
Uliporudi niliandika:
kwa sababu mtu anatoka Ipole na baiskeli na kilo arobaini
na kurudi na bei ya thelathini na tisa na nusu.
Chini yake, jina ambalo hadi siku hiyo
nililiandika lote kwenye fomu za mkopo tu:
Kalunde Ngasa Mihambo.

Priit akasema sentensi ile ya baiskeli haikuhitajika.
Akasema ameiacha.
Kisha neno moja, bila salamu, bila alama ya mshangao:
*Nimepokea.*

Nilipoifunga mizani skrubu moja ilibaki.
Sijui ni ya wapi. Iko kwenye kisahani cha pini,
na kazi inaendelea bila yake,
jambo linalonikera kuliko ninavyokiri.

Ndoo ya kwanza ilikuwa ya Gindu.
Ishirini na moja nukta nne.
Akasoma kioo, akanisoma mimi,
akaomba ipimwe upya.
Ishirini na moja nukta nne.
Akaishusha ndoo chini, akafuta kitako chake kwa shati,
akaipandisha tena mwenyewe.