Nusu Saa ya Maji

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Nimeuza kofia mbili kabla jua halijakaza:
moja riali thelathini na tano,
nyingine thelathini, maana mnunuzi alijua kulia.

Kofia moja ni siku arobaini za macho yangu.
Tundu kwa tundu, uzi wa hariri.
Kwa hiyo Yaarubu, mtoto wa kaka yangu, aliponiambia,
"Shangazi, pesa zako zimelala, ziamshe,"
nilimuuliza: zikiamka, zitakwenda wapi?

Zililala kwenye kopo la maziwa, chini ya mchele,
pamoja na bangili moja ya mama.
Mama alitoka Wete na bangili sita
na karatasi ya shamba la mikarafuu,
imepigwa muhuri, imekunjwa mara nne.
Bangili tano zilitujengea nyumba hii.
Karatasi ipo mpaka leo.
Ukiinusa, haina hata harufu ya karafuu.

"Mie na karatasi tumeachana talaka tatu."
Akacheka. "Hisa siku hizi hazina karatasi."
Akanionyesha simu: Shinuna binti Khalfani,
na mbele ya jina, tarakimu.
Nikaona ndiyo baya zaidi.

Aliyenielewesha hakuwa yeye.
Alikuwa marehemu baba mkwe,
aliyemiliki nusu saa ya maji ya falaji,
kila siku ya nane, usiku,
akiipima kwa nyota juu ya ukuta wa msikiti.
Chemchemi haikuwa yake, wala mfereji.
Alikuwa na nusu saa tu,
na nusu saa hiyo aliikodisha, akala, akairithisha.
Nikasema: kumbe hisa naijua.
Nimeifulia nguo.

Nikanunua elfu moja na mia mbili,
kampuni ya kuchuja chumvi ya bahari,
baisa mia na kumi na nane kila moja:
kofia nne na kipande cha uzi.
Nilikwishauliza kwa anayejua kama ni halali.
Akasema, maji ni maji.

Mwezi wa pili zikashuka.
Tisini na sita. Themanini na tisa.
Kofia nzima imefumuka
na sindano sijaishika.
Raiya, jirani, akauza zake zote, akalia,
akanunua dhahabu siku dhahabu ilipopanda.
Yaarubu akanyamaza,
na kijana akinyamaza juu ya pesa
jua naye zimemkuta.

Nikakumbuka ule mwaka falaji ilipokauka.
Waliouza zamu zao waliziuza kwa bei ya mbuzi mgonjwa.
Baba mkwe hakuuza.
Usiku wa zamu yake alikwenda, taa mkononi,
akasimama kwenye mfereji mkavu
nusu saa yake yote,
kisha akarudi kulala.
Mvua ilipokuja, wajukuu walioga humo.

Lakini nisikudanganye.
Falaji ya mtaa wa pili haikurudi hata leo,
na huko pia walikuwepo wenye subira.

Ndiyo maana kopo halijahama chini ya mchele.
Upatu na wenzangu bado nacheza,
zamu yangu Shaabani.
Pesa ya dawa siipeleki huko.
Wala ya sanda.

Jana simu imelia: gawio,
riali tano na baisa mia nne.
Nilikuwa naosha sahani.
Nikalifunga bomba kwa mazoea,
kisha nikalifungua tena kidogo,
nikayatazama maji yanavyokwenda zake,
nikiwaza yapi humo ni yangu.

Nikalifunga.
Bili nayo nalipa mie.