Leo Mnauza Ladha Gani?

Tulilinunua mnadani, koni ya aiskrimu bado imechorwa ubavuni,
waridi yake imechujuka kama ulimi wa mgonjwa.
Emrys akakata waya wa kengele. Akakata na wa pili.
Hata hivyo, likiruka tuta
hutoa noti tatu za wimbo wa watoto,
na wazee wa kituo cha basi huuliza:
"Leo mnauza ladha gani?"
"Stroberi," hujibu Emrys, "na ndizi, na ile isiyo na ladha,"
akiwagawia kondomu kana kwamba anarudisha chenji.

Ijumaa tunaegesha nyuma ya kiwanda cha bati.
Mvua ya Llanelli hainyeshi, huhamia.
Zamu ya jioni inatoka saa nne,
nao wanakuja mmoja mmoja, kola juu,
kama watu wanaokwenda kukopa.
Kila mmoja ana rafiki.
Rafiki ndiye anayewashwa,
rafiki ndiye aliyelewa Jumamosi,
rafiki ndiye asiyekumbuka jina.
Mpe pole rafiki yako, nasema. Sasa lete kidole chako.

Tone moja. Dakika kumi na tano.
Hujui urefu wake
mpaka uzikae pale lilipokuwa friza.

Hapo ndipo ninapotoa kikombe.

Cheupe, mstari wa buluu, mkono umeungwa kwa gundi.
Kilikuwa cha kaka yangu Idwal.
Mwaka tisini na moja alirudi kutoka Cardiff
na begi moja na mifupa yake,
mama akakitenga, rafu ya chini,
jirani na sabuni ya sakafu.
Hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu
na kipeperushi kilichochorwa kaburi,
na hakuna aliyebisha hodi kumwambia lingine.
Idwal alinywea humo miezi saba.
Baada ya mazishi mama alikitupa.
Nilikifuata pipani usiku, nimevaa soksi tu.

Leo, saa nne na nusu, kijana:
kucha zina grisi, jina Macsen,
hana rafiki.
"Ni mimi," anasema.
Nikampenda papo hapo.
Nikamimina chai, sukari tatu, bila kuuliza.

Mstari mmoja ukajichora.
Emrys akazima redio.
Wa pili ukaja polepole, kama mtu aliyechelewa ibada.

Nilimwambia ninayoyajua: Jumatatu hospitali itarudia kipimo,
nitakuwa naye mlangoni;
dawa ni kidonge, kila siku, bila malipo;
atazeeka, atakuwa na kitambi kama cha Emrys.
Hakusikia. Alikuwa anatazama kikombe,
amekisukuma mbali, ukingoni mwa meza,
anafuta kwa mkono wa koti pale mdomo wake ulipogusa.
"Mtakitupa," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikakichukua. Nikaweka midomo palepale.
Chai ilikuwa imepoa.
Sukari yote ilikuwa chini.