Mikono Juu

Keinembabazi ananiamuru: nyosha mikono.
Naiinua. Miaka ishirini na mitatu
nilikuwa mimi wa kusema hivyo, kwa sauti nyingine,
barabara ya Katuna, usiku.

Sasa nimefungwa kwa uzi:
sufu ya kondoo iliyosokotwa pamoja na hariri,
rangi yake ya maganda ya vitunguu,
laini, hata sugu za vidole vyangu zinaikwaruza.
Yeye anavuta, donge linanenepa.
Pua ikiniwasha, sina ruhusa.

Nje, ukungu wa Kabale umemeza mikalitusi.
Sindano zinagongana.
"Usinisemeshe, nahesabu."
Hufumua safu nzima
kwa kitanzi kimoja kilichoponyoka.
Bei ya uzi ule sijaiuliza,
nisije nikakosa usingizi.

Jumapili sweta likaisha.
Nikaona kasoro, nikanyamaza:
mkono wa kushoto mfupi, kama vidole viwili.
Nikalivaa.
Pindo zote mbili zikatua sawa,
juu ya vifundo.

Mkono huu ulivunjika kulekule Katuna,
ukaunga vibaya.
Hajawahi kunipima kwa futi.