Mkanda wa Reli

Baba, mkono wako wa kulia umeacha kukutii.
Kikombe kinacheza, chai haifiki mdomoni,
na ndevu zimeota mpaka shingoni
kama nyasi za kando ya reli pale Igandu
ulipokuwa ukituhesabia mataruma.

Kinyozi Ntandu wa Majengo siku hizi ana mashine tu,
inanguruma, nawe hutaki ngurumo karibu na sikio.
"Niletee wembe wangu," ulisema,
ule wa kukunja, mpini wa pembe,
uliolala sandukuni pamoja na barua ya kustaafu.
Mama mdogo akashika kiuno: "Mtoto akililia wembe..."
Hakumaliza. Na mimi si mtoto,
nina miaka arobaini na moja, nauza vocha Nkuhungu.

Wiki ya kwanza nilinyoa maputo.
La kijani, lililobaki kwenye kipaimara cha Nyemo,
nililipaka povu, nikalishika kama kichwa cha kichanga.
Liliponipasukia usoni ulicheka hadi ukakohoa.
La pili vilevile.
La sita likanyoleka, likabaki limevimba, halina mkwaruzo,
na siku hiyo ulikuwa umelala.

Maji yetu yana chumvi, sabuni inayakataa,
povu linakatika kama maziwa yaliyochacha.
Ukanionyesha kwa kidevu: ndoo ya maji ya mvua,
ya Machi, iliyofunikwa kwa sinia.
Kikombe kimoja tu, juu ya mkaa.
Taulo la moto kwanza.
Brashi izunguke, isisugue.
"Ndevu ni kama ngozi ya ng'ombe," ulisema,
"iloweke, ndiyo ikusikie."

Halafu mkanda.
Mkanda wako wa reli, wenye bizimu la shaba,
niliufunga kwenye kitasa, nikauvuta ukakaza.
Naujua.
Ndio ulionifundisha jedwali la saba
nikiwa darasa la tatu, kwenye miguu.
Sasa napitisha wembe juu yake,
mgongo mbele, makali nyuma,
kwenda, geuza, kurudi,
nawe unahesabu pamoja nami, thelathini, arobaini,
na tulipofika hamsini na sita
wote wawili tukanyamaza.

Nikaujaribu mkononi mwangu:
malaika yakaanguka bila mlio.

Julai, upepo wa asubuhi unakata kuliko chuma.
Nikakukalisha kwenye kiti cha plastiki, kisogo ukutani.
Vuta ngozi kwa mkono wa kushoto.
Wembe usiusimamishe kama askari,
usiulaze kama mlevi.
Usikandamize, una uzito wake.
Fuata ndevu zinakolalia:
shavuni zinashuka,
chini ya taya zinajizungusha
kama maji ya Kinyasungwe yakikuta mwamba.
Sikuwahi kukugusa hapo.
Nikakuta kovu ambalo hukuwahi kulisimulia,
na mshipa unaodunda, umetulia,
umeniamini kabla sijajiamini.

Ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji, wanasema.
Nilitia.
Ya machoni yalikuja yenyewe.

Kidevuni nikakukata.
Tone moja, likasita, likashuka ndani ya povu
likawa waridi.
Nikakugandamizia shabu, ukakunja uso.
"Wembe haujakosea," ukasema. "Umebana pumzi. Pumua."
Nikapumua.

Kisha ukapapasa shavu kwa mkono uleule unaotetemeka,
polepole, upande huu, upande ule,
kama unakagua njia kabla ya treni ya usiku.
"Hapa bado."
Nikalowesha brashi.
"Na sharubu," ukaongeza,
"hizo usizizoee."